Nani Ameuandika Mstari Huu? Kuvisoma na Kuvisimamia Vichwa vya Ujumbe katika Vikundi vya Habari

Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu, watunza kumbukumbu na wanafunzi wa kompyuta

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa walimu, wazee wetu mliotutangulia, kina mama, ndugu zangu watunza kumbukumbu mliokuja kutoka Wete, Mkoani na Micheweni, na nyinyi vijana mliovuka bahari kutoka Unguja kwa ajili ya kikao hiki, nakushukuruni nyote kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu.

Jambo nililoombwa kulizungumza linahusu kitu ambacho wengi wetu hukipita bila ya kukitazama. Kila ujumbe unaoingia katika kikundi cha habari, yaani yale mazungumzo ya mtandaoni ambamo mtu hutuma ujumbe mmoja ukasomwa na kila aliyejiunga popote alipo, hubeba juu yake mistari kadhaa ambayo programu nyingi huificha na kutuonyesha mitatu au minne tu: jina la mtumaji, mada na tarehe. Mistari hiyo kwa ujumla wake ndiyo kichwa cha ujumbe. Mmekusudia kuendesha vikundi vyenu wenyewe baina ya skuli na ofisi za Unguja na Pemba, na baadhi yenu mtakabidhiwa usimamizi wa seva zitakazohifadhi ujumbe huo. Kwa hiyo haitoshi tena kwenu kuiona mistari mitatu. Inakupaseni muione yote, na mbele ya kila mmoja mjiulize swali moja ambalo nitalirudia mara nyingi leo: nani ameuandika mstari huu?

Waliowahi kuzipitia barua za kale za pwani yetu, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wanaujua mtindo wake. Barua huanza na "ila janabi", likafuatia jina la anayeandikiwa na sifa zake, zikaja salamu na kuulizana hali, na baada ya hayo yote ndipo mwandishi hutia "ama baadu" na kuingia katika shauri lake. Ujumbe wa kompyuta nao umejengwa hivyo. Kichwa huja kwanza, na mahali unapokutana na mstari mtupu wa kwanza, usio na hata herufi moja, hapo kichwa kimekwisha na yaliyo chini yake ni ujumbe wenyewe. Lakini ipo tofauti kubwa. Barua ile iliandikwa na mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ama wa mwenyewe ama wa karani wake. Kichwa cha ujumbe wa kikundi cha habari huandikwa na mikono mingi: mingine ni ya mtumaji, mingine ya programu yake, mingine ya seva ambazo mtumaji hazijui wala hazioni. Asiyeitenganisha mikono hiyo atauamini mstari usiostahiki kuaminiwa, na ataudharau ule ambao ndio ushahidi wenyewe.

Sababu ya mambo kuwa hivi imo katika asili ya vikundi hivi. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuziunganisha kompyuta za vyuo ambavyo havikuwa na nafasi katika mtandao wa serikali wa wakati ule. Steve Bellovin, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilicho jirani, aliandika programu ya mwanzo, na mwaka 1980 mfumo uliopewa jina la Usenet ukaanza kutumika. Kompyuta zilipigiana simu, zikapeana ujumbe mpya, kisha kila moja ikaupeleka kwa nyengine. Hapakuwa na makao makuu wala daftari moja la kuandikia kila kilichopita. Katika mfumo wa namna hiyo, ujumbe hauna budi kubeba juu ya mgongo wake kila kitu kinachohitajika kuutambua: umetoka wapi, unakwenda kikundi gani, umepita mikononi mwa nani, na unajibu ujumbe upi. Kanuni za uandishi wa kichwa zilitolewa katika waraka wa mwaka 1983, zikaandikwa upya mwaka 1987, na waraka unaotumika leo, unaoitwa RFC 5536, ulitolewa mwaka 2009. Waraka huo unalazimisha sehemu sita ziwemo katika kila ujumbe: Date, From, Message-ID, Newsgroups, Path na Subject. Nyengine zote ni hiari. Majina haya ya Kiingereza hayabadilishwi hata ujumbe ukiwa wa Kiswahili kitupu, kwa sababu yanasomwa na mashine kabla ya kusomwa na watu.

Naomba sasa mtazame karatasi mliyogawiwa. Mfano huu nimeutunga kwa ajili yenu, na majina ya seva zake si ya seva za kweli:

Path: chake!tunguu!malindi!.POSTED!not-for-mail
From: Mwalimu wa Hesabu <mwalimu@skuli.invalid>
Newsgroups: visiwa.skuli.mitihani
Subject: Re: Karatasi za hesabu za kidato cha pili hazijafika Wete
Date: Tue, 11 Jun 2024 06:15:00 +0000
Message-ID: <h7k2.0611@malindi.invalid>
References: <a1b9.0610@tunguu.invalid> <c4d3.0610@chake.invalid>

Nianze na From, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa kuliko zote na ndiyo inayostahiki kuaminiwa kidogo kuliko zote. Mstari huu huandikwa na mtumaji mwenyewe katika mipangilio ya programu yake, na katika muundo wa asili wa mfumo huu hakuna kitu kinachomlazimisha aandike kweli. Mtu anaweza kujiita mwalimu, mkuu wa wilaya au afisa wa mitihani, na jina hilo likatokea kwenye skrini kwa herufi zilezile ambazo lingetokea kama lingekuwa la kweli. Si kila asiyeandika anwani yake ya kweli ni mlaghai, na jambo hili napenda lieleweke vizuri. Watu wengi huficha anwani zao kwa sababu wapo wanaopita katika vikundi wakizikusanya ili kutuma barua taka, na kwa ajili hiyo mwisho wa anwani wa ".invalid" ulitengwa rasmi mwaka 1999 uwe ni alama ya anwani isiyofika popote. Anayetumia mwisho huo anasema wazi kwamba anwani yake haifanyi kazi. Anayetumia anwani ya mtu mwengine, huyo ndiye mwenye hatia, kwa sababu barua za hasira na za taka zitamwangukia asiyehusika.

Path ni kinyume chake, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu msimamizi wa seva asiyeijua Path hajui chochote kuhusu ujumbe unaotoka nje. Kila seva inayoupokea ujumbe huongeza jina lake upande wa kushoto wa mstari huu, pakawekwa alama ya mshangao baina ya jina na jina. Kwa hiyo mstari husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama tunavyoisoma Qur'ani tukufu. Katika mfano wetu, ujumbe umeingia katika mfumo kupitia seva ya Malindi, ikaupeleka Tunguu, na Tunguu ikauleta hapa Chake. Neno ".POSTED" ni alama ambayo seva ya kwanza huitia kuonyesha kwamba hapa ndipo ujumbe ulipopokewa kutoka kwa mtumaji, maneno "not-for-mail" yaliyo mwisho yanakumbusha tu kwamba Path si anwani ya kumwandikia mtu barua.

Kazi ya kwanza ya mstari huu ilikuwa ya kiufundi. Seva ya Tunguu ikiona jina la Malindi limo ndani ya Path hujua kwamba Malindi imekwisha kuupata ujumbe, na hairudishi mzigo ulikotoka. Zile zama kompyuta zikipigiana simu, tena kwa gharama, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mstari huuhuu una faida ya pili, ambayo mimi naiona kuwa kubwa zaidi kwetu leo, nayo ni ushahidi. Mwenye kutaka kudanganya anaweza kutia majina ya uongo upande wa kulia kabla ya kuutuma ujumbe, ili ionekane umetoka mbali. Hawezi, hata akijitahidi vipi, kuzuia seva zinazofuata zisiongeze majina yao kushoto. Basi ukitaka kujua ujumbe umetoka wapi hasa, anza na jina la seva yako mwenyewe, ambalo hulitilii shaka. Nenda kulia kwa jirani yake, ambaye unamjua kwa kuwa umekubaliana naye kupelekeana ujumbe. Endelea hivyo, jina kwa jina, mpaka ufike mahali ambapo mlolongo hauingii akilini: seva ambayo haijapata kupelekeana na jirani yake, au alama ya ".POSTED" iliyofuatiwa na majina mengine mengi ya seva. Yaliyo upande wa kulia wa mahali hapo ni maneno ya mtumaji, na maneno ya mtumaji yanahitaji ushahidi mwengine. Mkilinganisha Path za jumbe kumi za mtu mmoja, mtaziona zinafanana upande wa kulia. Ile moja inayotofautiana nazo ndiyo ya kuchunguza.

Ujuzi huu hauishii katika vikundi vya habari. Barua pepe zetu za kila siku zina mistari inayoanza na Received, ambayo kila seva huiongeza juu ya iliyotangulia, na hukumu yake ni hiyohiyo: mstari wa juu kabisa ni wa seva yako, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokaribia eneo ambalo mtumaji anaweza kuwa amelichezea. Mtunza hesabu aliyeletewa barua ya kumtaka abadilishe namba ya akaunti ya benki ya mzabuni angefanya vyema kuifungua mistari hii kabla ya kufungua kitabu cha hundi, na kisha ampigie simu mzabuni kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali.

Tarehe inahitaji uangalifu wa aina yake kwetu sisi wa visiwani. Mstari wa Date huandikwa na programu kwa kufuata saa ya kompyuta, pamoja na tofauti yake na saa ya dunia. Saa yetu ya Afrika Mashariki imeitangulia saa ya dunia kwa saa tatu, kwa hiyo mwisho wa mstari huwa ni +0300 ikiwa kompyuta imepangwa kwa saa za hapa. Mfano wetu umeandikwa 06:15 +0000. Mtu wa haraka atasoma saa kumi na mbili na robo asubuhi, akamlaumu mwalimu kwa kuwaamsha watu. Aongeze saa tatu kwanza, apate 09:15, na hiyo kwa kuhesabu kwetu ni saa tatu na robo, skuli zimekwisha kufunguliwa. La pili ni la siku. Sisi siku yetu mpya inaingia kwa magharibi, na ujumbe ulioandikwa Alhamisi saa mbili usiku, mzee wa hapa atauita wa usiku wa Ijumaa. Mashine haibadilishi siku mpaka saa sita ya usiku. Watunza kumbukumbu wanaofungua majalada kwa tarehe wakubaliane mapema kwamba wanafuata hesabu ya mashine, la sivyo ujumbe mmoja utaandikwa katika siku mbili. Na kwa kuwa saa ya kompyuta inaweza kuwa mbovu au kurudishwa nyuma kwa makusudi, kanuni mpya zimeongeza mstari wa Injection-Date, ambao huandikwa na seva ya kwanza wala si mtumaji. Seva nyingi pia hukataa kabisa ujumbe wenye tarehe iliyoitangulia saa halisi kwa zaidi ya saa 24.

Sasa nije kwenye Message-ID na References, ambazo ndizo zinazofanya mazungumzo yawe mazungumzo. Kila ujumbe hupewa alama yake ya pekee, iliyofungwa baina ya mabano yenye ncha, na alama hiyo haitakiwi kurudiwa na ujumbe mwengine wowote duniani. Seva hukumbuka alama zote ilizokwisha kuzipokea kwa muda fulani, na ujumbe ukifika mara ya pili kwa njia nyengine hukataliwa bila ya kufunguliwa. Mtu anapojibu, programu yake huichukua alama ya ujumbe anaoujibu na kuiweka katika References, nyuma ya alama za jumbe zilizoutangulia. Katika mfano wetu mwalimu wa hesabu anaujibu ujumbe ulioandikwa Chake, ambao nao ulikuwa ukiujibu ule wa Tunguu uliofungua shauri. Kwa mistari hiyo miwili programu yoyote inaweza kuzipanga jumbe mia mbili kama shina na matawi yake, hata kama zimefika bila ya mpangilio, na hata kama watu wamebadilisha mada njiani.

Nimeona mara nyingi shina hili likikatwa na watu wema kabisa. Mtu anataka kujibu, badala ya kubonyeza kitufe cha kujibu anaanzisha ujumbe mpya na kunakili mada kwa mkono pamoja na "Re:" mbele yake. Kwa macho ni jibu, lakini References haimo, na kwa mashine hilo ni shauri jipya lisilo na mzazi. Kinyume chake nacho kina madhara: mtu anataka kuanzisha shauri jipya, anafungua ujumbe wa zamani, anabonyeza jibu, anafuta yaliyomo na kubadilisha mada. Ujumbe wake utakwenda kujificha chini ya tawi la shauri jengine, na wale waliokwisha kulifunga shauri lile hawatauona kamwe. Wasimamizi, hili lifundisheni siku ya kwanza kabla ya jengine lolote, kwa sababu hakuna anayeweza kulirekebisha baadaye.

Subject ni mstari ambao uko mikononi mwa mwandishi peke yake, na hapa ndipo adabu ya mazungumzo inapoonekana. Ujumbe wenye mada ya "Swali", "Msaada" au "Haraka sana" humlazimisha kila msomaji aufungue ili ajue kama unamhusu. "Karatasi za hesabu za kidato cha pili hazijafika Wete" humwambia afisa wa mitihani aache alichokishika, na humwambia mwalimu wa lugha apite. Wekeni jambo lenyewe mwanzoni mwa mstari, kwa sababu skrini ya simu hukata mwisho wake, na ikiwa jambo lina mahali na siku, vitajeni. Mazungumzo yakigeuka, kama yanavyogeuka siku zote, mada nayo ibadilishwe, na desturi ya vikundi ni kuandika mada mpya kisha kutaja ya zamani ndani ya mabano ikitanguliwa na neno "was:", ili wafuatiliaji wajue mto umetoka katika kijito kipi. References ikiwa imebakia, shina halikatiki.

Lipo jambo dogo linalohusu lugha yetu. Kanuni za awali za vichwa zilikubali herufi za msingi za Kilatini tu, na Kiswahili kinaandikika chote kwa herufi hizo, hata ng' ya ng'ombe, ikiwa alama yake ni ile iliyonyooka ya kibodi. Programu za kuandikia barua hupenda kuipinda alama hiyo, na alama iliyopindwa si ya msingi tena; mstari mzima hulazimika kugeuzwa kwa utaratibu maalumu ambao kanuni zake za sasa zilitolewa mwaka 1996, na programu ya zamani ya msomaji itaonyesha msururu unaoanza na =?UTF-8? badala ya mada. Hali ni hiyohiyo kwa anayeandika jina lake kwa herufi za Kiarabu. Utaratibu huo ni sahihi, wala simkatazi mtu jina lake. Ila anayeutafuta ujumbe wa ng'ombe katika kumbukumbu ajue kwamba huenda umeandikwa kwa sura mbili.

Newsgroups inataja kikundi au vikundi ambavyo ujumbe unapelekwa, vikitenganishwa kwa koma. Ujumbe mmoja uliotajiwa vikundi vitatu huhifadhiwa mara moja tu katika seva, na mstari wa Xref, ambao kila seva hujiandikia yenyewe, huiwezesha programu kujua kwamba umeusoma katika kikundi cha kwanza na isikuonyeshe tena katika vile viwili. Kutuma nakala mbalimbali, moja kwa kila kikundi, huvunja utaratibu huo kabisa, kwa sababu kila nakala ina Message-ID yake na mashine haina njia ya kujua kwamba ni kitu kimoja. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitangaza huduma zao za bahati nasibu ya kibali cha kuishi Marekani katika maelfu ya vikundi, na waliutuma ujumbe huo kikundi kwa kikundi. Wasomaji walikutana nao tena na tena kila walipoingia, katika vikundi vya fizikia na katika vikundi vya upishi, na ghadhabu iliyozuka imebakia katika historia ya intaneti. Kwa vikundi vyenu ushauri wangu ni kwamba ujumbe usipelekwe zaidi ya vikundi vitatu, na anayefanya hivyo aweke mstari wa Followup-To ukitaja kikundi kimoja ambamo majibu yote yatakwenda. Aseme pia ndani ya ujumbe kwamba amefanya hivyo, kwa kuwa si haki kumhamishia mtu jibu lake bila ya kumjulisha.

Sasa usimamizi kwa upande wa msomaji. Tangu mwaka 1984, Larry Wall alipotoa programu ya kusomea iliyoitwa rn, wasomaji wamekuwa na faili ambamo huorodhesha wasichotaka kukiona, na programu hukiondoa kabla hakijafika kwenye skrini. Programu za baadaye zimeongeza utaratibu wa alama: ujumbe wa mtu fulani huongezewa alama, wa mada fulani hupunguziwa, na wenye alama nyingi huja juu. Mnapotengeneza vichujio hivyo kumbukeni tena swali letu. Kichujio kilichojengwa juu ya From hupitwa na mtu aliyebadilisha jina, na kinaweza kumziba mtu mwema ambaye jina lake limeibwa. Kilichojengwa juu ya References huziba shauri zima na matawi yake, na ndicho kinachofaa kwa ugomvi uliokwisha kuchosha watu. Kilichojengwa juu ya Path hufaa kwa taka zinazomwagwa kupitia seva moja, lakini kina gharama. Seva huandaa muhtasari wa kila ujumbe, wenye mada, mtumaji, tarehe, alama ya ujumbe, References na ukubwa wake, na programu huweza kuupakua muhtasari huo peke yake. Path haimo katika muhtasari wa kawaida, kwa hiyo kuichuja hulazimu kichwa kizima kipakuliwe. Kwa anayenunua vifurushi vya data vidogo vidogo, tofauti hiyo inaonekana mwisho wa mwezi. Pakueni muhtasari kwanza, chagueni, kisha ndipo muulete ujumbe.

Wasimamizi wa seva wana amana nyengine juu ya hiyo. Seva nyingi zilikuwa zikitia katika kichwa anwani ya kompyuta ya mtumaji, katika mstari ulioitwa NNTP-Posting-Host. Mstari huo husaidia kumpata mharibifu, lakini katika visiwa vidogo kama vyetu unaweza pia kumwonyesha mwalimu aliyelalamika kwamba aliandika akiwa katika jengo gani. Mimi nashauri seva zenu zitie alama ya siri inayosomwa na msimamizi peke yake, mahali pake pakiwa ni mstari wa Injection-Info, na malalamiko yapelekwe kwa msimamizi. Mtumaji naye ajue kwamba alichokituma huenda kikaishi kuliko alivyokusudia. Kampuni ya Deja News ilianza kuhifadhi ujumbe wa vikundi mwaka 1995, Google ikaichukua hazina hiyo mwaka 2001, na ingawa mwezi wa Februari 2024 Google iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet, ya zamani bado yanatafutika. Mstari wa X-No-Archive ni ombi kwa mwenye kuhifadhi, na ombi linaweza kukataliwa.

Nimeulizwa kabla ya kikao kama ujumbe uliokwisha kutumwa unaweza kufutwa. Upo ujumbe maalumu wenye mstari wa Control unaoiamuru seva ifute ujumbe wenye Message-ID fulani. Kwa kuwa watu walighushi amri hizo na kufuta maneno ya wapinzani wao, seva nyingi ziliacha kuzitii. Tangu mwaka 2018 upo utaratibu rasmi wa Cancel-Lock: programu hutia katika kichwa kufuli iliyotokana na siri ya mtumaji, na amri ya kufuta haikubaliwi mpaka ije na ufunguo unaoingia katika kufuli hiyo. Utieni katika seva zenu tangu siku ya kwanza. Na kwa yale yanayobadilika kila mwezi, kama ratiba za mitihani, tumieni mstari wa Supersedes, ambao huiondoa ratiba ya zamani na kuiweka mpya mahali pake, ili asibakie mtu mwenye karatasi mbili zinazopingana.

Baada ya sala ya adhuhuri tutaingia katika chumba cha kompyuta. Kila mmoja atafungua ujumbe mmoja katika programu ya kusomea ujumbe iitwayo Thunderbird na kubonyeza Ctrl pamoja na U ili akione kichwa kizima, kisha pembeni mwa kila mstari ataandika aliyeuandika: mtumaji, programu au seva. Katika karatasi mlizogawiwa, mbili za mwisho zina Path zilizoghushiwa, na tutaanza na hizo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.